Mafuta ya Ng'ambo na Kibarua cha Mama wa Singida

Mama akienda dukani kununua mafuta ya kula huuliza mambo mawili: bei yake ni kiasi gani, na je, yanaganda? Yanayoganda asubuhi ya baridi twajua ni ya mawese, na mengi ya hayo yamevuka bahari. Yasiyoganda, yenye rangi ya asali na harufu ya mbegu iliyokaangwa, twajua ni ya alizeti, na kwa kawaida hatuhitaji kuuliza yametoka wapi. Yametoka Singida, au jirani zake.

Kwetu sisi tunaonunua, tofauti ya bei kati ya chupa hii na ile ni hesabu ya jikoni. Kwa wenzetu wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Singida Vijijini ni hesabu ya kama mwaka huu kutakuwa na kibarua au hapana. Mwezi huu tumeona vema tulizungumze jambo hilo. Wataalamu hulitaja kwa maneno makubwa: utandawazi, biashara huria, soko la ajira. Maneno hayo yana mambo ndani yake, lakini mara nyingi huelezwa kana kwamba yanahusu viwanda vya Ulaya na Marekani tu. Kumbe yanamhusu pia mama aliyeinama na jembe katika ardhi ya kichanga ya Singida.

ZAO LA NCHI KAVU

Wanaoijua Singida wanajua kwamba mvua yake ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na ikiwa nzuri hufika milimita mia sita au mia saba. Mahindi huona taabu mahali kama hapo. Chakula cha wazee kilikuwa mtama na uwele, na mpaka leo mama mwenye busara hakosi kupanda. Alizeti ilipendwa kwa sababu huvumilia: mizizi yake huenda chini kuyafuata maji, na siku zake si nyingi. Ikawa zao la fedha. Vitunguu vipo, dengu zipo, asali ipo, na kuku wa kienyeji wa Singida sifa zao zimefika Dar es Salaam; lakini zao linalogusa kaya nyingi zaidi ni alizeti.

Tazama kazi zilizomo. Kuna kulima, na hapo mwenye ng'ombe wa plau hutangulia. Kuna kupanda, kupunguza miche na kupalilia mara mbili. Vichwa vikikauka hukatwa, huanikwa, hupigwa kwa fimbo, mbegu hupepetwa, hujazwa katika magunia. Palizi na kupepeta, kwa sehemu kubwa, ni mikono ya wanawake. Baada ya shamba kuna wapakiaji, madereva, mafundi wa mashine, vijana wa kulisha mbegu kwenye kinu, akina mama wanaosafisha mbegu, mama lishe anayewapikia wote hao, na wale wanaopanga madumu na chupa kando ya barabara kuu wakingoja mabasi. Kisha kuna mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, ambayo hulisha kuku na ng'ombe, na mengine huuzwa hadi Kenya na India.

Wachache sana katika watu hao wana barua ya ajira. Hawamo katika hesabu za waajiriwa wenye mishahara, ingawa wote wanafanya kazi, na wote huguswa bei ya alizeti inapotikisika.

MLANGO ULIOFUNGULIWA PANDE MBILI

Wasomaji wenye umri wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, maduka yalipokuwa matupu na mafuta ya kupikia yakawa ya foleni. Mazao ya mkulima yalinunuliwa na vyama vya ushirika na mashirika ya umma, kwa bei iliyopangwa, na mara nyingi malipo yalichelewa. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya tisini biashara ya mazao ikaachwa mikononi mwa watu binafsi.

Mlango huo ulifunguka pande mbili kwa wakati mmoja, na hapa ndipo wengi hukosea wanapousifu mno au kuulaani mno. Kwa upande mmoja, mtu yeyote aliruhusiwa kununua alizeti na kuikamua. Mwaka 1985 huko Arusha mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, alikuwa amebuni mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, yenye mti mrefu unaopandishwa na kushushwa, na mashine za namna hiyo zikaenea vijijini. Baadaye zikaja mashine za umeme. Mji wa Singida ukawa mji wa vinu vya mafuta, na kazi zikapatikana ambazo hazikuwapo enzi za bei ya kupangwa.

Kwa upande mwingine, mtu yeyote aliruhusiwa pia kuleta mafuta kutoka nje. Na mafuta yaliyokuja hayakuwa ya alizeti, bali ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, nchi mbili ambazo hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa yaweza kutoa tani tatu au nne za mafuta kwa mwaka. Hekta ya alizeti haifiki hata tani moja. Mama wa Mkalama ashindane vipi na mti huo? (Na mchikichi, tusisahau, asili yake ni Afrika Magharibi. Wenzetu wa Asia waliuchukua, wakaufanyia utafiti, wakaupanda kwa mamilioni, na sasa wanatuuzia mafuta yake.)

Wala tusidhani kwamba akina mama wa huko wanatajirika. Katika mashamba makubwa ya Malaysia vibarua wengi ni wahamiaji kutoka Indonesia, na wanawake ndio hubeba mbolea na kuokota tunda moja moja lililodondoka chini ya miti. Mama wa Ikungi na mama huyo hawatakutana kamwe, lakini jasho lao hukutana kwenye rafu moja ya duka la Kariakoo.

USHURU UNAOPANDA NA KUSHUKA

Mwaka 2021 Serikali ilieleza kwamba nchi yetu inahitaji mafuta ya kula kiasi cha tani 570,000 kwa mwaka, na kwamba tunazalisha wenyewe kiasi cha tani 205,000 tu. Pengo hilo huzibwa na meli. Kinachoamua kama meli itamzamisha mkulima au la ni ushuru wa forodha.

Katika bajeti ya Juni 2018 ushuru ulipandishwa: mafuta ghafi yakatozwa asilimia 25, na yaliyosafishwa asilimia 35. Vinu vikapata nafuu. Mwaka 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Singida kuhimiza kilimo cha alizeti, na mkoa huo, pamoja na Dodoma na Simiyu, ukawekwa mstari wa mbele. Mbegu bora zikagawiwa kwa ruzuku. Watu waliitikia. Waliokuwa na eka mbili wakalima nne, na waliokuwa hawakodi vibarua wakakodi.

Kisha dunia ikageuka. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti ya dunia. Bei ikaruka. Tarehe 28 Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, kisha ikafungua tena tarehe 23 Mei. Huko Malaysia tani ya mawese, ambayo Machi ilikuwa imepita ringiti 7,000, katikati ya Julai ilikuwa chini ya 4,000. Hapa nyumbani sote tunakumbuka dumu la mafuta lilivyopanda mwaka ule, mpaka familia nyingine zikarudia kupima kwa kijiko. Serikali ikasikia kilio cha wanunuzi, ikalegeza ushuru katika bajeti ya 2022/23.

Kilio hicho kilikuwa cha haki. Mama wa Temeke mwenye watoto watano hana shamba. Kwake mafuta ya bei nafuu ni chakula. Lakini nafuu yake ilifika Singida kama hasara. Mafuta ya nje yaliingia kwa wingi wakati bei za dunia zenyewe zilikuwa zikishuka, na wakulima walioitikia wito wa kulima zaidi walikuta alizeti yao haina mnunuzi wa maana. Wako waliouza kwa karibu nusu ya bei ya msimu uliotangulia. Wabunge walilipigia kelele jambo hilo bungeni, na katika bajeti ya Juni 2023 ushuru ukarudishwa juu.

Twaomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndani yake mna siri ya jambo lote. Tuseme mama na mumewe wana eka tatu, na kila eka imetoa magunia sita. Hayo ni magunia kumi na manane. Tuseme tena gunia ni shilingi 60,000. Watapata 1,080,000. Wametumia 300,000 kwa plau, palizi na kuvuna, wamebaki na 780,000. Sasa gunia lishuke hadi 30,000. Watapata 540,000, na gharama ni zile zile 300,000, kwa kuwa kibarua alilipwa zamani. Wanabaki na 240,000. Bei imeshuka nusu, lakini mfuko wa nyumba hiyo umepungua zaidi ya theluthi mbili.

Mwaka unaofuata hawatakodi mtu. Watalima eka moja na nusu, na palizi atafanya mama mwenyewe na watoto siku za Jumamosi. Na yule aliyekuwa akikodiwa ni nani? Kwa kawaida ni jirani asiye na ng'ombe, pengine mjane, pengine mama aliyeachwa. Hana alizeti ya kuuza, hajawahi kusikia habari za ringiti, lakini yeye ndiye wa kwanza kukosa.

KAZI INAPOHAMA, NANI ANAHAMA?

Vitabu vya uchumi husema kwamba kazi ikipungua hapa itaongezeka pale, na mfanyakazi atahama kuifuata. Si uongo, lakini vitabu huwa havisemi sana ni nani ataweza kuhama, ni nani atabaki na watoto, na miaka mingapi itapita hapo katikati.

Singida inayajua haya tangu zamani. Enzi za mkoloni wanaume wa Kinyaturu na wa Kinyiramba walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya Kaskazini na ya mkonge, ili kupata kodi na nguo. Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha nchi za Ulaya zikaanza kutumia kamba za plastiki, bei ikaanguka, na kufika miaka ya tisini tulikuwa hatufikishi hata tani 40,000. Hakuna aliyeandikia wake za manamba barua kueleza kwamba kiwanda cha plastiki kimefunguliwa ng'ambo. Waliona tu kwamba fedha haziji tena.

Leo wanaume na vijana huenda kwenye machimbo ya dhahabu, Sambaru, Londoni na kwingineko. Wako wanaopata, na wengi hurudi kama walivyokwenda, au na kikohozi. Wengine hugeukia dengu na mbaazi, mazao ambayo soko lake liko India, na huko nako kuna mtu mwenye ufunguo: mwezi Agosti 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi za kuingia nchini mwake, na bei ikaporomoka mpaka wakulima wetu wengine wakaziacha shambani.

Wasichana nao huja mjini. Hapa hatuna budi kusema bila kuzunguka, maana tunajisema wenyewe. Katika nyumba nyingi za Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, za Wakristo na zisizo za Wakristo, binti anayeosha vyombo na kubembeleza mtoto ametoka Singida. Alikuja mwaka ambao mavuno hayakulipa. Kwa lugha ya wachumi, huyo ndiye soko la ajira linavyojirekebisha. Kwa lugha yetu huyo ni mtoto wa mtu, pengine ana miaka kumi na minne na kidato cha kwanza hakukimaliza. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Kiasi hicho ni kidogo, na bado ziko nyumba za watu wanaosali ambazo hazikukifikisha. Mtume Yakobo ana neno kali juu ya ujira unaozuiwa. Msomaji afungue sura ya tano ajisomee.

Wako pia waliovuka kwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kwa kazi hiyo hiyo. Wengine wamejenga nyumba za bati kwa wazazi wao. Wengine wamenyang'anywa pasipoti na kufanyizwa kazi usiku na mchana, kama shirika la Human Rights Watch lilivyoeleza katika taarifa yake ya mwaka 2017 juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi huko. Mzazi anayeletewa habari za kazi ya namna hiyo asikubali kumpeleka binti kwa dalali asiye na ofisi wala mkataba, hata kama dalali huyo ni mjomba wa jirani.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Katika 2 Wafalme sura ya nne imo habari ya mjane aliyedaiwa, na mdai akataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Akapata mafuta kwa mkono wa Elisha, akayauza, akalipa deni, yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyosalia. Tunapowahubiri akina mama juu ya habari hiyo husisitiza muujiza wa vyombo kujaa. Ni sawa. Lakini muujiza haukufika mwisho mpaka yule mama alipokwenda sokoni na kupata bei ya kutosha kulipa deni, na watoto wakabaki nyumbani. Wenzetu wa Singida wanaielewa sehemu hiyo kuliko sisi.

Si yote yaliyo nje ya uwezo wa kaya. Jambo la kwanza ni kutouza zao likiwa bado shambani. Machi njaa ikibisha, mtu huja na fedha mkononi akataka kununua magunia yatakayovunwa Juni. Bei hiyo ni ya dhiki, na haijalishi dunia ikipanda baadaye. Akina mama wa jumuiya au kikundi cha vikoba wakiweza kumkopesha mwenzao kidogo kwa miezi hiyo mitatu, watakuwa wamemwokolea mavuno yake yote. Tunaona jambo hili ni kubwa kuliko semina nyingi za ujasiriamali tulizokwisha kuhudhuria.

Halafu kuna mashudu. Mahali pengi mwenye kinu hukamua kwa bei ndogo, au bure, kisha yeye hubaki na mashudu. Mama hufurahi kwamba hakulipa. Lakini mashudu yana bei, na mwaka ambao mafuta yameshuka huenda yakawa ndiyo faida yenyewe. Yafaa kuuliza kabla ya kumwaga mbegu kwenye kinu: mashudu ni ya nani? Mwenye kuku thelathini wa kienyeji akiyarudisha nyumbani, akayachanganya na pumba, atakuwa ameiuza alizeti yake mara mbili, ya pili ikiwa kwa njia ya mayai na kuku.

Mtama na uwele visiachwe kwa sababu bei ya alizeti ni nzuri mwaka huu. Na jambo jingine lazungumzwe kati ya mume na mke, ikiwezekana kabla ya kuvuna: fedha za gunia zitashikwa na nani? Tumekwisha kusikia mara nyingi kwamba zao likiwa la chakula ni la mama, likianza kulipa linakuwa la baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Haki ya gunia lililojazwa kwa palizi yake haikuandikwa mahali popote, na hapo ndipo wachungaji wetu na wazee wa kanisa wanaposhauri wanandoa wangeweza kusema neno.

Lakini kuna moja linalozidi uwezo wa nyumba, nalo ni kalenda. Alizeti hupandwa Desemba na Januari. Bajeti husomwa Dodoma katikati ya Juni, na ushuru mpya huanza Julai mosi. Hivyo mama hupanda bila kujua ushuru utakuwa kiasi gani siku atakayouza, na huambiwa magunia yakiwa tayari uani. Tena ushuru huo, ambao hukubaliwa na mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Hatusemi uwe mkubwa kiasi cha kumwumiza mama wa Temeke. Tunasema ujulikane kabla ya jembe kuingia ardhini, na ukae misimu kadhaa bila kutikiswa.

Wizara ya Fedha hukaribisha maoni ya wananchi juu ya kodi kila mwaka, miezi mingi kabla ya bajeti, na Kamati ya Bajeti ya Bunge nayo husikiliza wadau mwezi Juni. Waagizaji wa mafuta hupeleka maoni yao yakiwa yamepigwa chapa vizuri. Wenye viwanda hupeleka yao. Vikundi vya akina mama wakulima wa Iramba na Mkalama, vilivyo na katibu, muhuri na daftari la wanachama, vyaweza kupeleka yao pia. Barua yenyewe yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, ukurasa mmoja, na nakala ikapelekwa kwa mbunge wa jimbo.